Kera, Kijiji cha Babu Yangu: Watu Wake na Njia Zake

Katika darasa letu mimi ni peke yangu ninayemwita babu yangu mzaa baba "Dada". Kwa lugha yetu ya nyumbani ndivyo babu anavyoitwa, na ndugu wa kiume wa baba huitwa "Kaka". Basi nilipokuwa Kidato cha Kwanza nikasema mbele ya wenzangu kwamba Dada yangu ana ndevu nyeupe, na Kaka yangu wa London ana wajukuu wawili, darasa zima lilicheka mpaka mwalimu akaingia kuuliza kuna nini. Siku hizi wamekwisha zoea. Wengine humsalimu mzee kwa jina hilo hilo wanapopita dukani, naye hufurahi sana.

Lakini wenzangu hao hao wanatumia maneno ya kwetu kila siku pasipo kujua. Gari ni neno la Kihindi, pesa vile vile, na anayesema ameuza mbuzi kwa laki moja anahesabu kama wanavyohesabu wakulima wa Gujarat. Kwa ajili hiyo nilipoombwa na mwalimu wetu wa Jiografia niandike katika gazeti letu juu ya kijiji cha ng'ambo nilichokiona kwa macho yangu, niliona si kazi ngeni. Aliniambia: "Usituletee habari za majumba ya wafalme. Tuambie watu ni wangapi, na wanapitaje kwenda na kurudi." Nitajaribu kufanya hivyo, ingawa majumba yatajiingiza kidogo.

Kijiji chenyewe kinaitwa Kera. Kiko katika wilaya ya Kutch, upande wa magharibi kabisa wa India, kilomita kama 20 kusini ya mji wa Bhuj, juu ya barabara iendayo bandari ya Mundra. Kutch ni wilaya kubwa kupita zote za India kwa eneo: kilomita za mraba 45,674. Mkoa wetu wa Dodoma una kilomita za mraba 41,311, kwa hiyo wilaya hiyo moja ni kubwa kuliko mkoa mzima wa kwetu. Msomaji atadhani basi imejaa watu, maana sote tumefundishwa kwamba India imejaa watu. Sivyo. Katika sensa ya mwaka 2011 Kutch ilikuwa na watu 2,092,371, yaani 46 tu katika kila kilomita ya mraba, wakati India nzima ilikuwa na wastani wa 382. Dodoma, katika sensa yetu ya 2022, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3. Sababu ya uchache huo ni kwamba sehemu kubwa ya kaskazini ya Kutch ni Rann, jangwa la chumvi ambalo wakati wa mvua hugeuka ziwa la kina kifupi na wakati wa kiangazi huwa jeupe kama sahani. Huko hapalimwi wala hapajengwi. Watu wamesogea kusini, karibu na pwani, wanalima pamba, njugu, mibarika na maembe, na upande wa Mundra mitende. Mvua ni chache, na ikikosa mwaka mmoja mtu hufikiri bahari.

Dada yangu aliondoka Kera mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, pamoja na mjomba wake aliyekuwa na duka Kilosa. Safari ile ametusimulia mara nyingi, na kila mara huanza na gari la ng'ombe. Walitoka kijijini usiku ili maksai wasiumizwe na jua, wakafika Bhuj alfajiri. Huko Bhuj palikuwa na treni ndogo ya njia nyembamba, iliyojengwa zamani za mfalme wa Kutch, na ambayo ilifika mji huo mwaka 1908. Ilikuwa inakwenda pole pole sana hata vijana huruka chini wakachuma matunda ya porini kisha wakaipata tena. (Mama husema hii ni chumvi ya Dada, nami namwachia yeye.) Kutoka hapo wakabadilisha treni, wakabadilisha tena, mpaka Bombay, ambayo leo ni Mumbai. Mpaka mwaka 1952, miaka miwili tu kabla yake, Kutch haikuwa imeungwa kwa reli na India nyingine hata kidogo, na mtu wa kwenda Bombay alipanda chombo Mandvi. Dada aliwahi njia mpya. Huko Bombay walipanda meli iitwayo Karanja, wakalala chini sitahani karibu wiki mbili, Shelisheli, Mombasa, Unguja, mwisho Dar es Salaam.

Babu wa babu yangu hakupata hata treni hiyo. Yeye alipanda jahazi Mandvi wakati wa kaskazi, akashuka Unguja na nguo moja. Kwa hiyo, kwa muda mrefu, Kera ilikuwa karibu zaidi na Unguja kuliko ilivyokuwa na Delhi. Nadhani ndiyo maana Dada haoni ajabu yo yote kuwa Mtanzania na kuwa mtu wa Kera pia. Ni njia moja ile ile, ina ncha mbili.

Sisi, yaani Baba, Mama na mimi, tulikwenda Desemba 2024, shule zilipofungwa. Ndege kutoka Dar es Salaam mpaka Mumbai haikufika hata saa saba. Jioni tukapanda treni iitwayo Kutch Express, tukalala humo, na kulipokucha tulikuwa tumekwisha pita Gandhidham. Nje ni vichaka vya miiba, nyati wa maziwa, na mara moja moja ngamia aliyesimama kama aliyesahau anakokwenda. Yaani safari ya karibu mwezi mzima ya Dada, kwetu ilikuwa siku moja na usiku mmoja. Wenye haraka zaidi wana ndege mpaka Bhuj, na tangu Septemba 2024 iko treni mpya ya kasi kati ya Bhuj na Ahmedabad, kilomita 359, inayotumia saa zipatazo sita.

Kutoka Bhuj kwenda Kera unaweza kupanda basi la serikali ya jimbo, au gari la abiria wa kuchangia, au chombo kimoja ambacho lazima nikieleze. Kinaitwa chhakdo. Mbele ni pikipiki nzima nzima, na usukani wake na taa yake. Nyuma ni kisanduku cha wazi chenye magurudumu mawili na viti vya ubao. Injini inapiga kelele kama mtu anayetwanga kinu cha chuma. Ni ndugu wa bajaji yetu, nayo bajaji kama mjuavyo imepata jina lake kwa kampuni ya huko huko India. Tulipanda watu kumi na mmoja, na magunia, na jogoo. Mama alifunga macho njia nzima, maana barabara ile ina malori ya makontena yanayotoka Mundra, bandari ambayo ilianza kazi mwaka 1998 na sasa ni miongoni mwa bandari kubwa kabisa za India. Dada alipoondoka palikuwa na vumbi na maksai. Sasa mtu akitaka kuvuka barabara kwenda shambani, husubiri.

Basi tukafika. Nami nilishangaa, kwa kuwa nilitazamia vibanda, nikaona nyumba za ghorofa zenye roshani, rangi ya waridi na ya samawati, na mageti ya chuma yenye nakshi. Vijiji vya upande huu wa Kutch, kama Kera, Baladia, Sukhpar na Madhapar, vimetoa watu wengi kwenda Kenya, Uganda, Tanzania na baadaye Uingereza, na watu hao wamejenga kwao. Nikahesabu nyumba za mtaa wetu. Zilikuwa ishirini na sita. Zenye kufuli zilikuwa kumi na nne, na yetu ilikuwa mojawapo.

Na huo ulikuwa Desemba, mwezi wa baridi, ndio msimu wa arusi, ambapo watu wa ng'ambo hurudi. Jirani yetu, mwalimu mzee aliyestaafu, alinifahamisha jambo ambalo sikulifikiria. Sensa ya India hufanyika mwezi wa Februari. Ile ya 2011 ilichukuliwa kuanzia tarehe 9 mpaka 28 Februari, na tarehe ya hesabu ni 1 Machi. Wakati huo arusi zimekwisha, mabegi yamefungwa, wageni wamerudi London na Nairobi. Kwa hiyo kijiji anachokiona mgeni wakati wa Krismasi sicho kijiji kinachoandikwa kitabuni. Nyumba zisizo na watu nazo huandikwa: katika India nzima mwaka 2011 zilikuwa zaidi ya milioni 24, kati ya nyumba na majengo yapatayo milioni 330. "Nyumba ya Dada yako," alisema Mwalimu, "ni moja katika hizo milioni 24." Alisema kwa upole, lakini Baba alinyamaza kitambo.

Mwalimu yule alikuwa na kitabu cha sensa cha wilaya, naye alipenda kukisoma kama wengine wapendavyo kusoma gazeti. Kila kijiji kina mstari wake: watu wangapi, wanaume na wanawake, watoto chini ya miaka saba, wangapi wajua kusoma. Kisha mna shule, zahanati, posta, basi, barabara ya lami, stesheni. Kama kitu hakimo kijijini, huandikwa herufi tu: a ikiwa kiko chini ya kilomita 5, b ikiwa ni kati ya 5 na 10, na c ikiwa ni zaidi ya 10. Kijiji kilicho kama Kera, ambacho stesheni yake ya karibu ni Bhuj, herufi yake kwa reli ni c. Nilipenda sana ufupi wa mpango huo. Lakini Mwalimu alisema herufi hizo zina upungufu mmoja: hazisemi basi linapita mara ngapi, wala linapita saa ngapi.

Akanieleza vile vile jinsi hesabu ya watu inavyozaa barabara. Tarehe 25 Desemba 2000 serikali ya India ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Kanuni yake ilikuwa hii: makazi yasiyo na barabara ya kupitika mwaka mzima yatajengewa, ikiwa yana watu 500 au zaidi kwa sensa ya 2001, na katika nchi za milima, za jangwa na za makabila ya asili, 250 wanatosha. Vitongoji viwili vilivyo karibu, ndani ya nusu kilomita, viliweza kuhesabiwa pamoja ili kufikia idadi. Fikirini, wasomaji: mahali penye watu 251 panapata barabara, na penye 249 panangoja. Katika mahali kama hapo, familia moja ikihamia mjini haiondoki na masanduku yake tu. Sisemi kanuni ni mbaya; fedha haziwezi kufika pote siku moja, na pasipo kanuni wangepata wale wenye ndugu serikalini. Nasema tu kwamba tangu siku ile kila nikiona namba ya watu wa kijiji, natafuta barabara iko upande gani wa namba hiyo.

Sasa nifike kwa mtu aliyenifanya nitake hasa kuandika habari hizi. Ufunguo wa nyumba yetu ulikuwa kwa mama mmoja anayekaa katika kitongoji kilicho nje ya barabara kuu, mwendo wa saa moja kwa miguu. Yeye hufagia nyumba yetu kabla ya Diwali na kufungua madirisha baada ya mvua. Binti yake alikuwa darasa la 12, la mwisho la sekondari, na shule yake ilikuwa Kera. Tulikwenda kwao kunywa chai, naye binti akatuonyesha daftari zake za Hesabu, ambazo, nasema kweli, zilikuwa safi kuliko zangu.

Barabara wanayo, ya lami, imefika mpaka kisimani. Taabu ilikuwa basi. Zamani mabasi mawili yaliingia kitongojini, asubuhi na jioni. Kisha vijana wakaanza kununua pikipiki. Mwanamume mwenye pikipiki hangoji basi. Humchukua na ndugu yake nyuma, na jirani yake kesho. Abiria wa basi wakapungua, wakabaki wanawake, wazee na watoto wa shule, ambao wengi hulipa nauli ndogo. Basi la jioni likawa linaingia siku nyingine na siku nyingine haliingii, na mwezi ule wa Desemba lilikuwa haliingii kabisa. Tazama mambo yanavyokwenda: barabara nzuri ilileta pikipiki, pikipiki ikafukuza basi, na msichana asiye na pikipiki akawa mbali zaidi na shule kuliko alivyokuwa mama yake wakati wa vumbi. Nadhani wenzetu wanaotoka vijiji vya bodaboda wanalijua jambo hili bila ya kwenda India.

Baba yake alikuwa mtu mpole. Alisema: "Mwanangu asome. Lakini saa kumi na mbili na nusu giza limeingia, na njia ile haina taa. Basi likirudi, atasoma. Lisiporudi, sitamwacha atembee." Mtihani ulikuwa umebaki miezi miwili. Binti hakusema neno; alikusanya vikombe.

Siku iliyofuata tulikwenda Madhapar, karibu na Bhuj, kuwaona jamaa wa Mama, na huko nilisimuliwa habari ambayo wao huisimulia kwa kila mgeni. Desemba 1971, wakati wa vita vya India na Pakistan, ndege za maadui zilipiga mabomu uwanja wa ndege wa Bhuj mpaka ndege za India zikashindwa kuruka. Mafundi hawakutosha. Wanawake wapatao 300, wengi wao wa Madhapar, wakaenda kujenga upya njia ya ndege, na waliimaliza kwa saa 72. King'ora kikilia walikimbilia vichakani. Walivaa nguo za kijani ili wasionekane, na njia yenyewe waliificha kwa kinyesi cha ng'ombe. Nilipokuwa nasikiliza nilimfikiria yule binti. Nchi iliwahitaji wanawake watengeneze njia usiku na mchana, nao wakatengeneza. Na hapa msichana mmoja anakosa njia ya kilomita chache kwa sababu jua limetua.

Lazima niseme pia juu ya tetemeko, maana bila hilo Kera ya leo haieleweki. Tarehe 26 Januari 2001 asubuhi ardhi ya Kutch ilitetemeka. Watu wapatao 20,000 walikufa, Bhuj ilibomoka, na daraja la Surajbari, ambalo ndilo lango la Kutch, likaharibika wakati misaada ilipohitajika kupita. Hata hekalu la kale la Kera, la karne ya 10, ambalo lilikwisha vunjwa na tetemeko la mwaka 1819, liliumia tena. Nyumba ya Dada ilianguka. Yeye na Kaka wa London waliijenga upya kwa fedha walizokopa, ghorofa moja, vyumba vitano. Wengi walidhani watu watahama, lakini kati ya 2001 na 2011 Kutch iliongezeka kutoka watu 1,583,225 mpaka hiyo 2,092,371 niliyoitaja, karibu theluthi moja. Viwanda vilikuja kwa kupunguziwa kodi, bandari zikapanuka, na vibarua wakafika kutoka Bihar, Uttar Pradesh na Rajasthan. Kwa hiyo wenyeji wa Kera wako London, na wageni wa Bihar wako katika vyumba vya kupanga kando ya barabara ya Mundra, nao wanatuma fedha kwao, kama Dada alivyokuwa akituma kutoka Kilosa.

Basi ikabaki shauri la nyumba, ambalo kwa kweli ndilo lililotupeleka. Kaka wa London alitaka iuzwe. Hoja yake ilikuwa nzuri: hakuna anayekaa, kodi inalipwa, mchwa wanakula milango, na bei ya viwanja imepanda kwa sababu ya barabara ile ile ya malori. Baba alikuwa amekwisha kubali nusu. Usiku tukampigia Dada simu Dar es Salaam, naye akauliza maswali mengi juu ya mwembe, na juu ya jirani gani yu hai. Mama ndiye aliyeleta habari ya binti na basi. Hakuomba kitu, alisimulia tu. Dada akakaa kimya, tukafikiri simu imekatika. Kisha akasema kwa Kikachi: "Nyumba ina vyumba vitano na hamna hata mtoto mmoja anayewasha taa asome?"

Asubuhi Baba alikwenda kitongojini. Ikakubaliwa kwamba binti na bibi yake watakaa katika vyumba viwili vya mbele siku za masomo, bila kodi, mpaka mitihani iishe, na Jumamosi watarudi kwao na basi la mchana. Baba yake alileta kitanda kwa chhakdo, na bibi akaleta mbuzi, jambo ambalo halikuwamo katika mapatano. Kaka wa London alipoambiwa alisema sawa, ila shauri la kuuza lingojee tu, halijafutwa.

Matokeo ya mitihani ya jimbo lile yalitoka Mei 2025. Amefaulu, na vizuri, na sasa anataka kusoma ualimu Bhuj. Bibi bado anakaa katika vyumba vyetu, pamoja na mbuzi. Sensa ya India iliyokuwa ifanyike mwaka 2021 iliahirishwa kwa sababu ya korona, na serikali yao ilitangaza mwaka 2025 kwamba tarehe ya hesabu itakuwa 1 Machi 2027. Mwalimu mzee ametuandikia kuuliza nyumba yetu safari hii iandikwe ina watu wangapi. Dada amejibu wawili, na binti akipata nafasi chuoni, basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Kera kwenda Bhuj bado linapita. Amelithibitisha mwenyewe kwa simu, mara mbili.